Charles Eliot, mwanasarufi aliyehesabu meno ya koa

Mwanafunzi wa lugha za Kiniloti anayefungua kitabu cha A. C. Hollis juu ya Wamaasai, lugha yao na masimulizi yao, kilichochapishwa Oxford mwaka 1905, hukutana kwanza na utangulizi wa mtu mwingine, Sir Charles Eliot. Anayesoma historia ya Kenya hulikuta jina hilohilo kwenye sura inayohusu ardhi na walowezi. Anayesoma dini za Asia hulikuta juu ya vitabu vitatu vinene kuhusu Uhindu na Ubudha. Na mpiga mbizi wa Norwei au wa Plymouth, akitaka kujua jina la mdudu laini aliyempiga picha kwenye maji baridi, hulikuta mwishoni mwa jina la Kilatini, likiwa na mwaka pembeni yake.

Wote hao wanamzungumzia mtu mmoja. Kwa sisi wa kitivo cha lugha maisha yake yana faida ya pekee, kwa kuwa alikuwa hodari wa kazi ileile tunayofundishwa, yaani kuangalia kwa makini, kutofautisha, kueleza na kutoa jina. Maisha hayo yanatuonyesha pia ustadi huo ulimfikisha wapi na ulimwachia wapi.

Charles Norton Edgcumbe Eliot alizaliwa tarehe 8 Januari 1862 katika kijiji cha Sibford Gower, wilaya ya Oxford, Uingereza. Alisoma Cheltenham, kisha akaingia Balliol, mojawapo ya vyuo vya Oxford, ambako alizoa tuzo za Kigiriki na Kilatini, akapata pia tuzo za Kisanskriti na Kisiria. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa chuoni hadi uzeeni. Yeye aliingia katika huduma ya kibalozi, akatumwa St Petersburg mwaka 1887.

Ufini wakati huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Eliot alijifunza Kifini, na mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 28, matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford ikamchapishia sarufi ya lugha hiyo. Kwa msomaji wa Kiingereza wa siku zile Kifini kilikuwa lugha ya mbali, isiyo na undugu na Kijerumani wala Kilatini. Ni lugha inayodai sikio kali. *Tuli* ni moto, *tuuli* ni upepo, *tulli* ni ushuru wa forodha, na asiyesikia urefu wa irabu au wa konsonanti atachanganya vitu vitatu visivyohusiana. Tena ni lugha ya kuambisha. *Talo* ni nyumba, *talossa* ni ndani ya nyumba, *talossani* ni ndani ya nyumba yangu, lakini ndani ya msitu ni *metsässä*, kwa sababu irabu ya kiambishi hufuata irabu za shina. Sisi hatushangai. Kiswahili nacho husema *pikia* lakini *somea*, kwa upatano wa namna hiyo. Wazungumzaji wa lugha zetu hufanya haya bila kuyafikiri, ila anayeyaandika kwa mara ya kwanza kwa ajili ya wageni lazima ayaone yote.

Baada ya Urusi, Eliot alipitia Tangier, kisha Constantinople, na mwaka 1900 akatoa kitabu kuhusu Uturuki wa Ulaya kwa jina la kujificha, Odysseus. Kabla ya hapo, mwaka 1899, serikali yake ilikuwa imempeleka Samoa, katika bahari ya Pasifiki, kama mjumbe wa Uingereza kwenye tume iliyoundwa pamoja na Wamarekani na Wajerumani. Huko alifanya kazi ya siasa, na pia aliokota koa wa baharini, akaandika makala juu yao.

Hapa inabidi kusimama kidogo na kueleza wanyama hawa ni nani. Koa wa baharini ni ndugu wa konokono ambao wamepoteza gamba. Wengi ni wadogo, wengine wana urefu wa milimita chache tu hata wakikomaa. Kichwani wana pembe mbili za kunusia maji. Baadhi yao hupumua kwa matamvua yaliyopangwa kama ua kuzunguka mkundu, na wengine mgongo wao umejaa vidole laini ambamo matawi ya tumbo hupita. Rangi zao ni za ajabu: nyeupe yenye ncha za njano, nyekundu, buluu, zambarau. Lakini rangi hiyo ndiyo inayowatesa wanaotaka kuwapa majina. Koa akitiwa ndani ya spiriti ili ahifadhiwe, hujikunyata na kupauka. Mtaalamu anayefungua chupa miaka kumi baadaye hukuta kipande cheupe kama utumbo uliochemshwa, na hajui mnyama huyo alivaa nini alipokuwa hai.

Katika bahari za kaskazini mwa Ulaya tatizo hili lilikuwa limeshughulikiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya Joshua Alder na Albany Hancock, wanaume wawili wa Newcastle upon Tyne. Alder alikuwa mfanyabiashara, na Hancock alikuwa amesomea sheria. Kati ya mwaka 1845 na 1855 walitoa kwa sehemu kitabu kikubwa cha koa wa Uingereza, chenye michoro ya rangi iliyochorwa kutokana na wanyama walio hai. Njia ya pili ilikuwa ya Rudolph Bergh, tabibu wa Copenhagen, aliyewapasua koa na kuchunguza viungo vya ndani, hasa ulimi wao. Ulimi wa koa ni utepe uliojaa meno madogo sana yaliyopangwa kwa safu, na umbo la meno, idadi yake katika kila safu, na kuwapo au kutokuwapo kwa jino la katikati, hutofautisha jamaa mmoja na mwingine. Meno hayapauki ndani ya spiriti. Aliye na ulimi na hadubini anaweza kufanya kazi hata kama rangi imekwisha.

Kila njia ilikuwa na upungufu wake. Aliyechora mnyama hai aliweza kudhani kwamba rangi mbili ni spishi mbili, kumbe ni mnyama mmoja anayebadilika. Aliyepasua maiti aliweza kueleza meno vizuri kabisa bila mtu mwingine yeyote kuweza kumtambua mnyama huyo majini. Mwanaisimu ataielewa shida hii upesi. Orodha ya maneno iliyoandikwa bila toni inafanana na koa aliye ndani ya chupa. Mifupa ya lugha imo, lakini mzungumzaji akiisoma anaweza asijitambue.

Mwishoni mwa mwaka 1900 Eliot aliteuliwa kuwa kamishna wa himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, nchi inayoitwa leo Kenya, pamoja na kuwa mwakilishi na konseli mkuu wa Uingereza huko Unguja. Pwani ile ilimpa alichokuwa akikitafuta. Mwanasayansi mmoja, Cyril Crossland, alikuwa akikusanya viumbe vya bahari Unguja na kando ya bara, na Eliot mwenyewe alikusanya kwenye miamba maji yakipwa. Kuanzia mwaka 1902 hadi 1905 alitoa mfululizo wa makala juu ya koa wa Afrika Mashariki na Unguja katika jarida la Chama cha Zoolojia cha London. Alimheshimu Crossland kwa kuita jenasi moja *Crosslandia*. Koa mwingine akampa jina *Ceratophyllidia africana*. Na kisiwa cha Wasini, kusini mwa Mombasa, ambacho Waingereza walikiandika Wasin, kiliingia katika Kilatini cha wataalamu kupitia *Halgerda wasinensis*, aliyoieleza mwaka 1904. Jina hilo lipo mpaka leo, na kila anayelitamka hutamka jina la kisiwa cha Waswahili, ajue asijue.

Maelezo yake yalifuata njia zote mbili. Aliandika umbo na rangi, kisha akapasua, akahesabu meno. Huo ulikuwa uaminifu wa kweli kwa kitu kilicho mbele ya macho.

Mwaka huohuo wa 1904, hata hivyo, kamishna huyu alikuwa na kesi nyingine mezani. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwa Nyanza mwishoni mwa mwaka 1901, kwa gharama kubwa sana, na Eliot aliamini kwamba nchi ingejilipia kwa kuwaleta walowezi wa Kizungu katika nyanda za juu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilifungua mlango huo. Katika Bonde la Ufa malisho yalikuwa ya Wamaasai. Kwa maoni ya Eliot, watu wanaohamahama na ng'ombe hawakuwa na haki ya kuzuia ardhi nzuri kwa sababu tu walipita hapo. Alipinga hata wazo la kuwatengea Wamaasai eneo lao wenyewe. Alitaka walowezi wakae katikati yao, na hakuficha kwamba mfumo wa maisha ya Kimaasai aliuona kuwa mbaya na alitamani utoweke upesi.

Mgogoro uliomwondoa haukuwa kati yake na Wamaasai, ambao hakuna aliyewauliza kwa maana halisi. Ulikuwa kati yake na wakubwa wake wa London. Serikali ilikubali kampuni moja, East Africa Syndicate, ipewe maili mraba 500 katika bonde hilo, lakini ikamkataza Eliot kuwapa ardhi watu wawili kutoka Afrika Kusini ambao alikuwa ameshawaahidi. Eliot aliona kwamba amefanywa mwongo na kwamba matajiri wanapendelewa. Akajiuzulu. Mwezi Agosti 1904, chini ya kamishna aliyemfuata, Wamaasai walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa kwenye malisho yao ya bondeni na kuwagawa sehemu mbili, wengine Laikipia upande wa kaskazini, wengine kusini mwa reli. Mkataba uliahidi kudumu muda wote ambao Wamaasai watakuwapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia pia, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa kwamba mkataba ule ulikuwa kati ya dola na dola, kwa hiyo korti za himaya hazikuwa na uwezo juu yake.

Sasa turudi kwenye kile kitabu cha Hollis. Hollis alikuwa katibu katika utawala wa Eliot. Alikusanya hadithi, methali, vitendawili na maelezo ya mila kutoka vinywani mwa Wamaasai wenyewe, akayachapisha kwa Kimaasai pamoja na tafsiri na sarufi. Kilitoka mwaka 1905, katika matbaa ileile iliyochapisha sarufi ya Kifini, na utangulizi ni wa Eliot. Mtu aliyetaka maisha ya Wamaasai yatoweke ndiye aliyetanguliza maneno yao kwa wasomi wa Ulaya. Mwaka huohuo alitoa pia kitabu chake kuhusu himaya ya Afrika Mashariki, ambamo alitetea siasa yake ya walowezi.

Baadhi yetu wangependa kusema kwamba huyo ni mnafiki, na hadithi imekwisha. Mimi sioni unafiki. Naona jambo linalotuhusu zaidi. Eliot hakudharau lugha ya Wamaasai. Aliiona kuwa kitu cha kuchunguzwa, chenye mpangilio na thamani kwa elimu, kama alivyoona safu za meno. Alichoshindwa kukiona ni kwamba wenye lugha ile walikuwa na neno la kumwambia yeye, juu ya ardhi ambayo yeye alikuwa akiigawa. Lugha ilipata nafasi katika maktaba ya Oxford wakati wenyewe wanapoteza malisho. Lugha zetu nyingi za Kongo zilipata sarufi zao za kwanza mikononi mwa mapadre na maofisa wa enzi hizo, na sarufi hizo tunazitumia hadi leo, nyingine ni nzuri mno. Uzuri wake si ushahidi kwamba wasemaji walitendewa vizuri. Na ubaya wa enzi ile hauzifanyi tarakimu na mifano yake kuwa ya uongo. Inatupasa kubeba mambo hayo mawili pamoja.

Aliporudi Uingereza, Eliot alikuwa wa kwanza kushika uongozi wa Chuo Kikuu cha Sheffield, kilichopata hati yake mwaka 1905. Sheffield ni mji wa chuma na visu, mbali na pwani, lakini koa walimfuata ndani ya chupa. Alikwenda kwenye makusanyo ya jumba la makumbusho la Hancock mjini Newcastle, akalinganisha michoro ya koa wa Ceylon iliyoachwa na tabibu Kelaart na vielelezo vya zamani vilivyokuwa mikononi mwa Alder na Hancock. Ilikuwa kazi ya mhariri wa miswada kabisa. Mchoro huu ni wa mnyama yupi? Chupa hii inalingana na mchoro upi? Majina mawili haya ni ya mmoja? Mwaka 1906 alitoa makala hiyo, na mwaka huohuo akaandika juu ya koa wa Uingereza, wakiwemo wa Plymouth. Mmoja wao, mwenye mgongo uliojaa vidole laini, alimpa jina la mtaalamu Beaumont.

Mwaka 1910 alikamilisha kazi ambayo kwayo anajulikana kwa watu wa bahari ya kaskazini. Chama cha Ray cha London, kilichochapisha kitabu cha Alder na Hancock, kilitoa sehemu ya nane, ya nyongeza. Michoro ilikuwa ya wazee wale wawili, Alder aliyefariki mwaka 1867 na Hancock aliyefariki mwaka 1873, pamoja na ya wengine. Maandishi yalikuwa ya Eliot. Alipanga upya majina, akaongeza walichogundua watu wa Bergh juu ya viungo vya ndani, akaonyesha spishi zipi ni za kweli na zipi ni kivuli cha nyingine. Mchoro wa mnyama hai na hesabu ya meno vikawa katika kitabu kimoja.

Yule koa wa Plymouth leo anaandikwa *Cumanotus beaumonti* (Eliot, 1906). Mabano hayo yana maana. Eliot alikuwa amemweka katika jenasi nyingine, *Coryphella*, na waliomfuata wakamhamisha. Kanuni ya majina ya wanyama inataka jina la aliyeeleza spishi kwanza libaki, lakini jenasi ikibadilishwa, jina hilo huingia ndani ya mabano. Alama ndogo ya uandishi inabeba historia nzima: huyu aliona, wengine wakasahihisha, na hakuna aliyefutwa. Sijui kama isimu ina desturi nzuri kama hiyo.

Masahihisho hayajaisha. Mpiga mbizi wa leo ana kamera inayotunza rangi ambayo spiriti iliiua, naye hutazama pia koa anakaa juu ya nini, kwa kuwa wengi wao hula chakula cha aina moja tu, sifongo fulani au hidroidi fulani, na chakula husaidia kumtambulisha mlaji. Hata hivyo picha peke yake haitoshi. Koa wa kawaida sana wa kaskazini, *Polycera quadrilineata*, alipewa jina na Mdenmarki O. F. Müller mwaka 1776, na kwa zaidi ya karne mbili watu walidhani wanamjua. Mwaka 2020 uchunguzi wa vinasaba na wa umbo ulionyesha kwamba chini ya jina hilo, huko Norwei, walikuwamo wawili. Wa pili akaitwa *Polycera norvegica*. Anayetambua kwa haraka hutambua kile anachokijua tayari.

Maisha ya Eliot yaliyobaki yalikuwa Asia. Mwaka 1912 akawa kiongozi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Hong Kong. Mwaka 1918 Uingereza ilimtuma Siberia, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi, ambako Kirusi chake kilihitajika. Kisha akawa balozi Tokyo hadi katikati ya miaka ya 1920. Vitabu vyake vitatu kuhusu Uhindu na Ubudha vilitoka mwaka 1921. Alipostaafu hakurudi kwao. Alikaa Nara, mji wa mahekalu ya zamani, akiandika juu ya Ubudha wa Japani. Hakuoa. Mwaka 1931, akiwa mgonjwa, alipanda meli kurudi Uingereza, akafariki njiani tarehe 16 Machi, akazikwa baharini. Kitabu cha Japani kilitoka mwaka 1935, bila yeye kukiona.

Hivyo Eliot alikuwa bingwa wa kutofautisha. Alisikia irabu ndefu ya Kifini, aliona jino la katikati kwenye ulimi usioonekana kwa macho matupu, na alijua chupa gani inalingana na mchoro gani. Lakini alipotazama nyika yenye ng'ombe, wachungaji, visima na majina ya mahali kwa Kimaasai, aliona ardhi tupu. Hatukosi watu wenye macho makali katika kitivo hiki, na walimu wetu wanatufundisha kuyanoa zaidi. Swali ambalo maisha yake yanatuachia ni tunayaelekeza wapi, na kama yule tunayemchunguza anayo nafasi ya kutujibu. Koa hawezi kumjibu anayehesabu meno yake. Wamaasai waliweza, na mwaka 1913 walijibu kortini kwa lugha ya sheria.

Jina la Wasini liko kwenye orodha za wataalamu, na la Beaumont pia, likifuatwa na mabano. Majina ya mahali ambapo ng'ombe walikunywa maji kabla ya mwaka 1904 nayo yanastahili mtu wa kuyakusanya kwa uangalifu uleule, safari hii akiwa na wenyewe.